Mhojiwa Namba Saba

Katika chuo kile, mwanafunzi akitaka kumtisha mwenzake alimwambia, "Ngoja karatasi yako ifike kwa Mulumeoderhwa." Wino mwekundu wa Assistant Mulumeoderhwa ulijulikana kuanzia madarasa ya Keshero mpaka kwenye vibanda vya photocopie kando ya barabara, ambako vijana walichungulia kazi za wenzao na kusema, "Huyu naye amepita mikononi mwake, pole." Ukurasa aliousahihisha ulifanana na goti la mtoto aliyeanguka juu ya mawe ya volkano. Lakini waliovumilia mikwaruzo hiyo walimaliza masomo, na wengi walimaliza vizuri.

Hakuwa mtu mbaya. Hilo heri lisemwe mapema, maana yaliyokuja kutokea yanaweza kumfanya msikilizaji adhani vingine. Alizaliwa upande wa Bukavu, baba yake akiwa karani wa parokia, akakulia katika nyumba ambayo barua iliandikwa mara mbili kabla ya kutiwa kwenye bahasha. Alipohamia Goma kufundisha, aliketi nyuma katika vikao vya kutetea mémoire, ile kazi ya kumalizia masomo, mbele ya jury ya maprofesa, akaona mambo yanavyokwenda. Mtoto wa mkubwa akikosea sarufi, walimu walicheka kidogo wakasema amechoka. Mtoto wa mkimbizi akikosea kosa lilelile, walitazamana. Na alama zilishuka.

Basi akajitwisha mzigo ambao hakuna aliyemtuma. Kila Jumamosi asubuhi alifungua darasa moja la mbao pale chuoni, akawafundisha waliotaka: jinsi ya kujenga aya, jinsi ya kutaja chanzo, jinsi ya kusimama mbele za watu na kusema jambo likaeleweka. Hata mwaka ule mji ulipotekwa na kubadilisha mikono, mabenki yakafunga milango na walimu wakakaa bila mshahara, darasa la Jumamosi halikufungwa isipokuwa majuma yale ya mabomu.

"Nyinyi hamuna ruhusa ya kukosea," aliwaambia. "Wengine wako nayo. Nyinyi, hapana."

Vanessa aliingia darasani humo akiwa mwaka wa mwisho. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, kutoka milima ya Masisi. Baba yake alikuwa mfugaji; aliuawa wakati wa vita, ng'ombe wakachukuliwa. Yeye na mama yake, Mama Louise, walikimbia mara kadhaa, wakaishia kwenye kambi ya Munigi chini ya plastiki nyeupe. Kambi zilipobomolewa na watu kuambiwa warudi makwao, mama huyo alipanga chumba cha mbao hapohapo Munigi, akauza makaa, ili binti amalize chuo. Mémoire ya Vanessa ilihusu maisha ya wajane wa wafugaji. Profesa aliyeisimamia kwa jina alikuwa safarini muda mwingi, kwa hiyo kazi yote ya kumwongoza ilimwangukia Mulumeoderhwa.

Ukurasa wa kwanza aliomletea ulikuwa Kifaransa kilichovaa nguo za Kiswahili. Ulianza hivi: "Baba yangu aliuawa na mtu aliyekuwa anakuja kwetu kununua jibini. Siku ile mimi sikulia."

Mulumeoderhwa aliusoma wote, akafungua kalamu yake, kisha akaifunga tena. Ilikuwa nadra.

"Nani anasema hapa?" aliuliza.

"Ni mimi, Assistant." Alijibu huku mkono umefunika kinywa, tabia yake kila alipozungumza na wakubwa.

"Mimi ni nani?"

"Vanessa."

"Sikia. Mu mémoire hakuna Vanessa. Kuna mtafiti. Vanessa anakaa nyumbani, mtafiti anakuja hapa na daftari yake. Jury wakiona machozi ku ukurasa wa kwanza, watakupa pole na alama ndogo. Unataka pole?"

"Hapana."

"Basi tufute."

Akafuta. Vanessa alitazama kalamu ikipita juu ya maneno yale, ikarudi, ikapita tena, mpaka yakawa hayasomeki.

Alikuwa mwanafunzi ambaye kila mwalimu humwomba Mungu ampe. Jambo aliloelezwa leo, kesho alilileta limefanyika. Aliacha kuandika "mimi". Aliacha maneno ya kuchoma moyo. Akajifunza kuandika "inaonekana kwamba" na "kwa mujibu wa". Alikwenda Munigi, Sake, mpaka njia ya Rumangabo, akazungumza na wajane, akawapa namba badala ya majina kama sheria ya utafiti inavyotaka, akarudi na maelezo yao yamepangwa safi.

Siku moja Mulumeoderhwa alikuwa akiyapitia maelezo hayo, akafika kwa mhojiwa namba saba. Wajane wengine wote, walipoulizwa nani aliwaua waume zao, walijibu kwa lugha ileile: watu wenye silaha, hatuwajui. Ilikuwa lugha ya watu wanaotaka kuendelea kuishi. Lakini huyu wa saba alisema: "Tulimujua. Alikuwa anakuja kununua fromage yetu. Alikula kwetu."

Mulumeoderhwa akakumbuka ule ukurasa alioufuta. Akanyanyua macho.

"Huyu ni nani?"

Mkono wa Vanessa ulirudi kinywani. "Ni mama."

Assistant aliinuka akaenda kufunga mlango. "Nani mwengine anajua?"

"Hakuna."

"Ibaki vile. Wakijua ulimuhoji mama yako mwenyewe, watasema hauna umbali na jambo unalochunguza. Kazi yote itaanguka."

"Haiko uongo, Assistant?"

"Uongo kwa nini? Wote hatukuwataja majina. Yeye ni namba kama wengine." Akakaa, akalainisha sauti. "Lakini hii habari ya kumujua muuaji, iko peke yake. Inasimama na mguu mmoja. Andika kwamba mhojiwa mmoja anadai hivyo. Halafu mu conclusion, uandike kama wengine walivyosema: watu wenye silaha wasiotambulika."

Vanessa alimtazama kwa muda. Mulumeoderhwa alidhani anatafuta hoja ya kumpinga, na kwa kweli angeifurahia, kwa sababu alipenda mwanafunzi anayebisha. Lakini binti aliinamisha kichwa akaandika.

Ikabaki kazi ya kusema. Mkono ule juu ya kinywa, macho yale chini: kwa jury, hayo tu yangetosha kumwangusha. Mulumeoderhwa alimsimamisha mwisho mmoja wa darasa, akamketisha Aubin, mwanafunzi mwenzake, mwisho wa pili. "Aubin akikosa neno moja, tunarudilia," alisema. Yeye mwenyewe alijifanya jury. Aliuliza maswali ya ukali, ya kejeli, ya kuchosha, na swali baya kuliko yote alilihifadhi mwisho, kwa sababu alijua mtu yeyote mwenye macho angeliuliza.

"Mhojiwa namba saba anasema alimujua muuaji wa bwana yake. Mnamuamini?"

Mara ya kwanza Vanessa alilia. Mara ya pili sauti ilikatika. Aubin, ambaye hakujua namba saba ni nani, alicheka akadhani ni woga wa kawaida.

"Tena," alisema Mulumeoderhwa.

Wakarudia Jumamosi ile, wakarudia iliyofuata. Mwishowe jibu lilitoka limenyooka, kavu, bila tone la maji, kama karani anavyotaja saa za kufungua ofisi. Mulumeoderhwa alipiga makofi. Alikwenda nyumbani siku hiyo akiwa na furaha, akamwambia mkewe Nshobole kwamba mwaka huu yuko na mtoto mmoja atakayewanyamazisha wote.

Siku ya kutetea ikafika. Ukumbi ulijaa ndugu na marafiki wenye maua ya plastiki na makopo ya poda, maana ni desturi ya mji kumwagia poda nyeupe aliyefaulu. Mama Louise alikuja kwa miguu kutoka Munigi. Alivaa kitenge kilichopigwa pasi mpaka mikunjo ikakata, na mkononi alibeba jibini zima la Masisi, la mviringo, limefungwa kwa karatasi safi. Alimtafuta Mulumeoderhwa mlangoni, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, hii ni yenu. Haiko kitu. Mulinisaidia mutoto, Mungu abariki mikono yenu."

"Mama, asante sana. Yeye mwenyewe njo alifanya kazi."

"Nasikia leo watasema habari ya baba yake mbele ya maprofesa." Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyealikwa harusini. "Tangu alikufa, hakuna mukubwa aliketi kusikiliza ile habari. Leo watasikia."

Mulumeoderhwa alitabasamu, lakini jibini lilimwelemea mkononi ghafla. Alitaka kumweleza yatakayosemwa. Wakati huohuo jury waliingia, watu wakasimama, na Mama Louise akaenda kutafuta nafasi. Kwa kuwa hakujua Kifaransa, aliketi karibu na kijana mmoja mwenye sura ya upole akamwomba amfasirie. Kijana huyo alikuwa Aubin.

Vanessa alisema vizuri. Hata wasiompenda Mulumeoderhwa walikiri. Alisimama wima, mikono imetulia juu ya meza, sauti ikafika mpaka ukuta wa nyuma. Aubin alikuwa ameinamia sikio la Mama Louise, akimpa sentensi mojamoja, na mama alikuwa akitikisa kichwa kwa fahari, ingawa maneno mengine hata yakifasiriwa hayakumwambia kitu.

Kisha rais wa jury, Profesa Balagizi, mtu mzito mwenye miwani ya kamba, alifungua ukurasa aliokuwa ameukunja pembe.

"Mademoiselle, hapa mhojiwa namba saba anadai kwamba muuaji wa mumewe alikuwa mtu wa kuzoeana nao, eti mnunuzi wa jibini. Wengine wote wanasema watu wasiotambulika. Mnaichukuliaje kauli hii?"

Mulumeoderhwa aliona Aubin akifasiri. Aliona Mama Louise akiketi vizuri zaidi, kidevu juu, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa.

"Asante kwa swali, Bwana Rais," alisema Vanessa. "Ni kauli ya mtu mmoja. Hakuna chanzo kingine kinachoithibitisha. Kuna uwezekano wa kumbukumbu iliyochanganyikiwa kwa sababu ya mshtuko. Kwa hiyo tumeichukua kwa tahadhari, na hatukuitumia katika hitimisho."

"Vizuri sana," alisema Profesa Balagizi.

"Anasema nini?" Mama Louise alimuuliza Aubin.

Aubin, kijana mwaminifu, alitaka kufasiri sawasawa. "Anasema kuna mama mumoja alisema alimujua mwenye kuua bwana yake. Lakini hakuna mutu mwengine wa kuhakikisha. Pengine akili yake ilichanganyikiwa na woga. Kwa hiyo hawawezi kumuamini."

Mama Louise hakupiga kelele. Aliinuka taratibu, akajifunga kitenge upya kiunoni, akapita katikati ya magoti ya watu, "pardon, pardon," mpaka mlangoni. Waliokaa karibu walidhani ameenda kujisaidia. Vanessa alimwona akitoka. Profesa wa pili alikuwa ameshaanza swali jingine, na Vanessa akamjibu, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Walimpa grande distinction, alama za juu. Ukumbi ulilipuka. Élodie, rafiki yake, na wengine walimmwagia poda kichwani, begani, mpaka nyusi zikawa nyeupe, wakamvisha maua, wakamsukuma kwenye picha. Yeye alikuwa akisukumana nao kuelekea nje. Mulumeoderhwa alimkuta kwenye lango la chuo, uso mweupe wote kama wa sanamu, akiangalia barabara upande huu na upande ule. Watu wa pikipiki walikuwa wakimpigia honi za pongezi.

"Mama amerudi Munigi," alisema. "Simu yake haiko inapita."

Jumapili, baada ya misa, wakaenda wote wawili. Vanessa ndiye aliyemwomba, kwa kuwa alikuwa amelala kwa rafiki siku zile mbili akiogopa kwenda peke yake. Walifika kwenye kile chumba cha mbao kilichokaa juu ya mawe meusi, magunia ya makaa mlangoni. Mama Louise aliwaona kwa mbali. Alitoa kigoda kwa ajili ya mwalimu na bidoni tupu la maji kwa ajili ya binti, yeye akabaki amesimama.

"Mukae."

Mulumeoderhwa alikuwa ameandaa maneno njia nzima. "Mama, nimekuja kuomba musamaha, kama kuna neno lilikuumiza."

"Kama," alisema Mama Louise.

Mwalimu akajisahihisha. "Neno lilikuumiza. Lakini nataka uelewe, mama. Mu kazi yetu, ushuhuda moja haitoshi. Haiko Vanessa alitunga, haiko mimi. Ni sheria ya kazi. Hata tribunal inaombaka shahidi wa pili. Na tena, kutaja mutu ni hatari, kwenu na kwa mutoto."

"Nani aliomba bataje jina? Niliomba baseme tulimujua. Ni ile tu." Aliinamia gunia, akaokota kipande cha kaa kilichoanguka, akakirudisha mahali pake. "Shahidi wa pili. Basi, mwalimu, wewe ulisoma. Ile siku mu nyumba tulikuwa batu sita. Bwana yangu. Bandugu yake babili. Mama yake, muzee kabisa. Miye. Na mutoto. Bane balikufa. Uhesabu sasa, uniambie nani anabakia."

Mulumeoderhwa hakutaka kuhesabu, lakini akili haiombi ruhusa. Aligeuka akamtazama Vanessa. Binti alikuwa ameganda juu ya bidoni, macho kwenye mawe.

"Tulikuwa chini ya kitanda," alisema Mama Louise. "Nilimufunga kinywa na mukono wangu asilie. Miye niliona viatu tu, mwalimu. Buti. Buti ziko za kila mutu. Ni yeye alisikia sauti. Tulipokimbilia mu shamba njo aliniambia: 'Mama, alikuwa papa wa fromage.' Mutoto alimujua kabla yangu! Alikuwa anamuleteaka bonbon kila akikuya. Ile neno aliniambia yeye. Miye nilimurudishia tu siku aliniuliza na simu yake ya kurekodi. Nikasema: sawa, anataka niseme, nitasema." Akapangusa mikono kwenye kitenge. "Halafu anasimama mbele ya bakubwa, anasema akili yangu ilichanganyikiwa."

Kwa jirani, mtu alikuwa akipasua kuni, na kila pigo lilisikika.

"Vanessa," alisema Mulumeoderhwa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ndiyo iliyokatika. "Kwa nini haukuniambia ulikuwako?"

"Haukuniuliza, Assistant. Uliniuliza namba saba ni nani, nikasema ni mama. Niliandika ku ukurasa wa kwanza. Niliandika siku ile mimi sikulia. Ulisema tufute."

Hakuyasema kwa hasira. Ingekuwa hasira, mwalimu angepata pa kushika.

Mama Louise alimwelekea binti yake. "Mwalimu simukasirikii. Asiyekuwepo na lake halipo. Lakini wewe ulikuwako."

"Mama, wangeninyima diplome."

"Njo vile," alisema mama. "Njo vile." Na hapo akaingia ndani, akaanza kuchagua maharagwe, na wageni walielewa kwamba wameagwa.

Usiku huo na mchana uliofuata Mulumeoderhwa hakuona raha. Jury walikuwa wametoa masahihisho ya mwisho kabla kitabu hakijawekwa maktaba, na sahihisho mojawapo lilisema: kauli isiyothibitishwa ya mhojiwa namba saba iondolewe. Alichukua karatasi hiyo akaenda nayo ofisini kwa Profesa Balagizi, akaomba mlango ufungwe.

"Ile kauli iko na shahidi wa pili," alisema.

"Nani?"

Mulumeoderhwa akamweleza. Alieleza kama alivyowafundisha wanafunzi wake kueleza, kwa mpango, jambo la kwanza kwanza. Profesa alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, ikaning'inia kifuani.

"Kwa hiyo mhojiwa ni mama yake. Mwanafunzi alijua, na wewe ulijua, na jury hawakuambiwa. Assistant, wewe njo ulitufundisha sisi wote huu ukali. Unajua jambo hili linaitwaje?"

"Najua."

"Ukiendelea kusema, nitalazimika kusikia. Nikisikia, deliberation ya alama inafunguliwa upya. Ile distinction inakufa, na mutoto wa mama muuza makaa anarudi kuanza upya, kama atarudi. Wewe utapata barua ya kukuonya, basi. Yeye atapoteza yote." Akavaa miwani tena. "Ukinyamaza sasa, mimi sijasikia kitu. Chagua."

Mulumeoderhwa, ambaye kwa miaka alikuwa amewafundisha watoto wa maskini kusema, alisimama mbele ya meza ile. Alifungua kinywa. Alimfikiria Vanessa juu ya bidoni, akamfikiria mama na maharagwe yake, akajaribu kupima nani alikuwa na haki zaidi juu ya ulimi wake. Kisha akachukua karatasi yake, akasema, "Asante, Professeur," akatoka.

Alimtafuta Vanessa amwambie kwamba bado wanaweza kulikataa sahihisho lile, kwamba kama yeye mwenyewe anataka kusema, atasimama pembeni yake hata mambo yaende namna gani. Alimkuta kwenye kibanda cha photocopie, mbele ya kompyuta ya kukodi. Kabla hajaanza, binti alimkabidhi kurasa zenye joto bado.

"Nimeshaitoa, Assistant. Nilibadilisha pia na jedwali, sasa wahojiwa wanafuatana vizuri, hakuna pengo. Uangalie kama kuna makosa."

Mulumeoderhwa alisoma amesimama, watu wakimpita. Alisoma akitafuta kosa lolote, nukta iliyopotea, kitenzi kilichokosa mwenyewe, kitu cha kumfanya aseme turudi nyuma. Kazi ilikuwa safi. Aliirudisha bila kufungua kalamu.

"Vanessa, kama unataka..."

"Hapana, Assistant. Mimi nimechoka kuwa mutoto wa kupewa pole. Wewe ulisema."

Diplome ilitoka. Shirika moja linalogawa misaada lilikuwa likitafuta mtu wa kuandika ripoti, mtu wa hapa anayeandika Kifaransa kisicho na makosa, na Vanessa aliwapita wote kwenye jaribio. Alipanga chumba Keshero, chenye maji uani. Alimwomba mama yake ahamie. Mama akajibu kwamba makaa yake yako Munigi. Alimpelekea simu mpya. Mama aliipokea, lakini mara nyingi ilikuwa imezimwa. Walionana, walisalimiana, waliulizana habari za afya. Mtu wa nje angesema hakuna ugomvi.

Kisha Mama Louise akaamua kurudi Masisi. Watu walimwambia barabara ni ya bahati nasibu, leo wazi kesho imefungwa, na kwamba nyumba yake huko ilibaki nguzo tu. Alisema nguzo zinamtosha. Vanessa alipopata habari alimpigia simu Mulumeoderhwa.

"Anaondoka asubuhi. Unaweza kunisindikiza? Mbele yako hatanifukuza."

Wakafika kwenye kituo cha magari ya Sake. Camionnette ilikuwa imeshajaa magunia na wanawake juu yake, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zikipita ubavuni na mizigo ya viazi, dereva akipiga kelele kwamba hamngoji mtu. Mama Louise alikuwa chini bado, amefunga kitenge cha kawaida. Vanessa alikuwa amenunua unga wa foufou, mafuta, sabuni na blanketi zito, kila kitu ndani ya mfuko mmoja mkubwa.

"Na ile kitabu?" Mama Louise alimuuliza Mulumeoderhwa, baada ya salamu. "Iliisha?"

Mwalimu alimtazama Vanessa. Vanessa ndiye aliyejibu. "Iliisha, mama. Ile sehemu yako waliomba niitoe. Nilitoa."

"Ah." Mama alifikiri. "Basi hata ile namba sina tena."

Dereva alipiga honi. Vanessa aliunyanyua mfuko akamkabidhi. Mama Louise aliupokea kwa mikono miwili, akakunja magoti kidogo, kichwa chini, vilevile alivyokuwa akipokea kambini siku za kugawa misaada, mbele ya wale wenye gilet za shirika na karatasi.

"Asante, madame," alisema.

"Mama, ni mimi."

"Minakujua."

Akampa mfuko mwanamke aliyekuwa juu, akapanda, akajipatia nafasi kati ya magunia mawili. Camionnette iliondoka ikiyumba juu ya mawe, na hakugeuka, au pengine aligeuka lakini vumbi jeusi lilikuwa limekwisha kuifunika.

Vanessa alibaki amesimama, mikono imelegea. Mulumeoderhwa alimsogelea. Simu ya binti ikalia. Aliitazama, akakohoa kidogo kusafisha koo, akapokea. Alizungumza Kifaransa kilichonyooka, kila sentensi na mwanzo wake na mwisho wake, akimhakikishia mtu wa upande wa pili kwamba ripoti ya waliorudi makwao itamfikia kabla ya mchana. Mwalimu alingoja amalize. Alipomaliza, Mulumeoderhwa akamuaga, akasimamisha pikipiki, akarudi nyumbani.